Anza Kitandani: Namna ya Kujiandaa kwa Mtihani wa Leseni ya Uuguzi

Kila mtihani wa Baraza la Wauguzi Kenya unapokaribia, wanafunzi hunijia wodini saa ya chai. Mkononi wana furushi la maswali ya miaka iliyopita, yamepigwa kopi hata maandishi yamefifia. Wote huuliza jambo lile lile: "Sista, ni maswali gani hurudi?"

Sijibu. Nawashika mkono hadi kitanda kilicho karibu, nawaonyesha mgonjwa aliyelala pale, halafu nawauliza: huyu, nini kitamwua kwanza?

Wengi hunyamaza. Wanajua ugonjwa wake kwa jina, wanajua dalili kumi na mbili zilizoandikwa daftarini, ila hawajui kipi kati ya hivyo kitamtoa roho kabla jua halijatua. Na mtihani unatafuta jambo hilo hilo. Nimekuwa muuguzi hapa Nairobi muda wa kutosha kuamini kwamba anayejifunza kumlinda mgonjwa anajifunza mtihani bila kujua, lakini anayekariri mtihani anaweza kupita na bado akawa hatari kwa watu. Basi mwongozo huu unaanzia kitandani.

Hatua ya kwanza: tengeneza daftari la wagonjwa

Nunua daftari moja lenye kurasa nyingi. Kila mgonjwa uliyemhudumia kwa mikono yako apate ukurasa wake. Usiandike jina lake wala namba yake ya hospitali, kwa sababu siri ya mgonjwa haiishi zamu inapoisha. Andika umri, kilichomleta, kisha ujibu maswali matatu: nini kingemwua kwanza? Ningekijua kwa kuona nini au kupima nini? Ningefanya nini kabla daktari hajafika?

Tuseme ni mtoto wa mwaka mmoja na nusu kutoka Mukuru, anaharisha siku ya tatu. Kitakachomwua ni kuishiwa maji. Utajua kwa macho yaliyozama, kwa ngozi ya tumbo ambayo ukiifinya na kuiachia inakawia kurudi zaidi ya sekunde mbili, na kwa mtoto aliyelegea asiyeweza kunywa. Akiwa hivyo anahitaji maji ya mshipa sasa hivi. Akiwa bado anakunywa na macho yake ni mazima, mama anarudi nyumbani na ORS, maji ya chumvi na sukari ya kunywa, mililita 50 hadi 100 kila baada ya kuharisha kwa mtoto wa chini ya miaka miwili, pamoja na zinki miligramu 20 kwa siku kwa siku 10 hadi 14. Mtoto wa chini ya miezi sita hupewa zinki miligramu 10.

Ukurasa mmoja kama huo, uliotoka kwa mtoto uliyemshika, utakaa kichwani kuliko sura nzima uliyoisoma ukisinzia kwenye matatu ya kwenda Githurai.

Jambo jingine kuhusu daftari hili. Mtihani utaufanya kwa Kiingereza, lakini mama wa Kayole utamhudumia kwa Kiswahili. Kwa hiyo kila unachokiandika, jaribu kukisema kwa sauti kama unayemweleza mama huyo. Ukikwama, hujakielewa, ulikuwa umekariri tu.

Hatua ya pili: jifunze kumchagua wa kwanza

Maswali mengi yanayoangusha watu ni yale ya wagonjwa wanne na muuguzi mmoja. Uanze na nani? Fuata njia moja bila kuyumba: njia ya hewa, kisha kupumua, kisha mzunguko wa damu, halafu mengine yote.

Mwanafunzi hukimbilia anayepiga kelele. Mgonjwa aliyevunjika mguu analia wodi nzima inasikia, na pembeni yake kuna mama aliyefanyiwa upasuaji wa tezi la shingo, ametulia, ila kila akivuta pumzi kuna mkoromo mwembamba. Huyo aliyetulia ndiye wa kwanza. Damu inaweza kuwa inakusanyika ndani ya shingo na kubana koromeo. Mwenye mguu anaumia kweli, na utamfikia, lakini mtu anayelia kwa nguvu ana hewa ya kulilia.

Soma pia kitenzi cha swali. Likiuliza utafanya nini kwanza, majibu yote manne yanaweza kuwa sahihi, ila moja tu ndilo la kwanza. Likiuliza ni lipi si sahihi, chora mstari chini ya neno hilo kabla ya kutazama majibu. Na jibu la "mwite daktari" likiwepo, jiulize kama kuna kitu mikono yako inaweza kufanya ndani ya sekunde kumi ambacho kingemsaidia mgonjwa: kumwinua kichwa, kumpa oksijeni, kusimamisha damu inayoongezwa. Mara nyingi hicho ndicho cha kwanza, na simu inafuata.

Hatua ya tatu: hesabu, kila siku, bila kikokotoo

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hesabu za dawa ndizo huwatisha watu na ndizo huumiza wagonjwa.

Kanuni ni moja: unachotaka, gawanya kwa ulichonacho, zidisha kwa ujazo wake. Mtoto ana kilo 8, ameandikiwa jentamaisini miligramu 7.5 kwa kila kilo. Anahitaji 60. Chupa ndogo uliyonayo ina miligramu 80 ndani ya mililita 2. 60 gawanya kwa 80, zidisha kwa 2: mililita 1.5. Mtoto wa kilo 12 mwenye homa, parasetamoli miligramu 15 kwa kilo: 180. Dawa ya maji ina miligramu 120 katika mililita 5. Jibu ni mililita 7.5. Kabla hujavuta dawa, jiulize kama jibu linaingia akilini. Ukipata mililita 15 za jentamaisini kwa mtoto wa kilo 8, utahitaji kuvunja karibu chupa nane. Mkono unaofikia chupa ya tatu kwa dozi ya mtoto mmoja usimame hapo hapo, hesabu irudiwe.

Dripu nayo: ujazo, zidisha kwa idadi ya matone yanayofanya mililita moja, gawanya kwa dakika. Mipira mingi ya watu wazima hutoa matone 20 kwa mililita, na ile midogo ya watoto matone 60, lakini soma pakiti, usikisie. Lita moja kwa saa 8: 1000 mara 20, gawanya kwa dakika 480, unapata 41.67, yaani matone 42 kwa dakika. Kisha simama na saa yako uyahesabu yakidondoka. Wengi hukokotoa vizuri kwenye karatasi halafu wakafungua mpira kwa kukadiria tu.

Sasa mtego ninaoupenda zaidi kuwapa wanafunzi. Mwanamume wa kilo 50 amelipukiwa na jiko la mafuta ya taa saa nne asubuhi. Ameungua mguu mmoja mzima, na mbele yote ya kifua na tumbo. Mguu ni asilimia 18 ya ngozi ya mwili, mbele ya kiwiliwili ni 18, jumla 36. Kwa kanuni ya Parkland ya maji ya aliyeungua, mililita 4 mara kilo 50 mara asilimia 36 ni mililita 7200 za maji ya Ringa kwa saa 24 za mwanzo, na nusu yake, 3600, iingie katika saa 8 za kwanza. Amefika hospitali saa sita mchana. Utaiendesha kwa kasi gani?

Karibu wote hugawa 3600 kwa 8. Lakini saa 8 huhesabiwa tangu alipoungua, siyo tangu alipofika. Zinaisha saa kumi na mbili jioni, na zimebaki 6. Kwa hiyo ni mililita 600 kwa saa, matone 200 kwa dakika. Na hapo muuguzi wa kweli anaona jambo ambalo karatasi haisemi: matone 200 kwa mshipa mmoja huwezi hata kuyahesabu. Weka kanula mbili, yaani mirija ya mshipani, mia kila upande. Weka pia kateta ya mkojo, kwa maana kanuni ni mahali pa kuanzia tu. Mkojo wa karibu nusu mililita kwa kilo kwa saa, yaani 25 kwa huyu, ndio utakaokuambia kama maji yanatosha.

Fanya hesabu tano kila asubuhi kabla ya chai, kwa kalamu.

Hatua ya nne: dawa zinazoweza kuua, uzijue kwa majina

Wanafunzi huigawa orodha ya dawa kwa alfabeti. Mimi nawaomba wajue kwanza zile chache ambazo kosa moja nazo halina marudio.

Magnesiamu salfeti ndiyo ya kwanza. Mwanamke mwenye kifafa cha mimba, au presha kali ya ujauzito iliyo karibu kufika huko, hupewa dozi ya kuanzia: gramu 4 kwenye mshipa, polepole, ikiwa imepunguzwa hadi asilimia 20. Kutoka kwenye dawa ya asilimia 50 unavuta mililita 8, unaongeza mililita 12 za maji safi ya sindano, unapata 20. Kisha gramu 10 kwenye msuli, 5 kila tako, pamoja na lignokeini kidogo, dawa ya ganzi, kwa sababu inauma sana. Baada ya hapo gramu 5 kila saa 4, ukibadilisha tako, hadi saa 24 zipite tangu ajifungue au tangu degedege la mwisho, lolote litakalochelewa.

Hiyo ni sehemu rahisi. Sehemu ngumu nilifunzwa usiku mmoja wa mwaka wangu wa kwanza kazini, katika hospitali ambayo sitaitaja. Zamu ilikuwa imetuzidi. Saa nane usiku nilikuwa nimeshavuta dozi ya mama mmoja, sindano iko mkononi, muuguzi mkubwa akanipita na tochi yake na kuuliza bila kusimama: "Umegonga goti?"

Sikuwa nimegonga. Akarudi, tukagonga pamoja. Goti halikuruka, la kulia wala la kushoto. Tukahesabu pumzi dakika nzima: 14. Tukaangalia mfuko wa mkojo: mililita 60 kwa saa nne. Dawa ilikuwa inajazana mwilini mwake kwa sababu figo hazikuwa zinaitoa, nami nilikuwa karibu kumwongezea gramu 5 nyingine. Tulisimamisha dozi, tukamwita daktari, tukaweka kalsiamu glukoneti, inayoondoa sumu ya magnesiamu, tayari kando ya kitanda. Goti lilirudi kuruka alfajiri. Kosa lilikuwa langu, na sijalisahau.

Kwa hiyo kabla ya kila dozi ya kuendelea, mambo matatu: pumzi zisipungue 16 kwa dakika, goti liruke, na mkojo uwe angalau mililita 30 kwa saa katika saa 4 zilizopita. Likikosekana moja, usidunge. Pumzi zikishuka sana au zikikatika, msaidie kupumua, apewe kalsiamu glukoneti gramu 1, yaani mililita 10 za asilimia 10, polepole kwenye mshipa. Mtihani hupenda kuuliza kinachoondoa sumu yake. Mimi ningependa ukumbuke goti.

Potasiamu kloraidi: haisukumwi kwenye mshipa moja kwa moja, kamwe, iwe ni nani anakuharakisha. Huchanganywa kwenye maji mengi, ikatikiswa vizuri, ikaingia taratibu. Ikisukumwa, moyo husimama.

Insulini: tumia sindano yake yenyewe, mililita moja ina yuniti 100. Andika neno "yuniti" lote, kwa sababu herufi U peke yake ikiandikwa kwa haraka husomeka kama sifuri, na yuniti 6 zikawa 60. Ukichanganya aina mbili, vuta kwanza iliyo angavu, kisha yenye wingu.

Mofini, hesabu pumzi kwanza. Zikiwa chini ya 12, shikilia. Digoksini, dawa ya moyo, sikiliza mapigo kwa dakika nzima. Kwa mtu mzima yakiwa chini ya 60, shikilia na utoe taarifa.

Damu si dawa, lakini naiweka hapa. Wauguzi wawili, mfuko mmoja, kando ya kitanda: jina, namba, kundi, tarehe ya kuisha. Mwulize mgonjwa ataje jina lake mwenyewe. Usimwambie "wewe ni fulani, sivyo?", maana mgonjwa mwenye homa huitikia jina lolote. Ianze ndani ya dakika 30 tangu itoke kwenye friji, iishe ndani ya saa 4, na usichanganye na chochote isipokuwa maji ya chumvi ya kawaida. Kaa naye dakika 15 za mwanzo. Akianza kutetemeka, kuumwa mgongo au kubanwa kifua: simamisha, toa mpira wote, weka mpira mpya wenye maji ya chumvi, mwite daktari, na mfuko urudi maabara. Usiutupe.

Hatua ya tano: leba, mtoto mchanga, na daftari zilizopitwa na wakati

Kina mama wa Nairobi wamekuwa wakijifungulia Pumwani tangu 1926, na ukipata nafasi ya kufanya mazoezi katika wodi yoyote ya uzazi yenye shughuli nyingi kama ile, ichukue, hata miguu ivimbe. Mtoto akishatoka, mpe mama oksitosini, dawa ya kukaza mji wa mimba, yuniti 10 kwenye msuli ndani ya dakika moja, baada ya kuhakikisha hakuna mtoto wa pili tumboni. Damu ikifika mililita 500 baada ya kujifungua kwa njia ya kawaida, tayari ni kuvuja damu kupita kiasi. Na usiikadirie kwa macho, kwa sababu macho hupunguza. Pima.

Mtoto asiyelia: mkaushe, msisimue, na kama hapumui anza kumpa hewa kwa mfuko na barakoa kabla dakika ya kwanza haijaisha. Alama za Apgar, za kupima hali ya mtoto mchanga, huandikwa dakika ya kwanza na ya tano, lakini hazingojewi. Hapa wengi hukosea mtihani: wanachagua "hesabu Apgar" huku mtoto hapumui.

Jihadhari na noti za kurithi. Patografu ya zamani, chati ya kufuatilia leba, huanza kuchorwa mlango wa kizazi ukifika sentimita 4. Mwongozo wa WHO wa 2020 unahesabu leba hai kuanzia sentimita 5. Tazama swali linataja chati ipi. Vivyo hivyo kwa afya ya akili, noti nyingi bado zinasema kujaribu kujiua ni kosa la jinai Kenya, wakati Mahakama Kuu mnamo 2025 ilitamka kifungu hicho kinakiuka Katiba. Mgonjwa wa namna hiyo anahitaji kuulizwa waziwazi kama anafikiria kujiua, na asiachwe peke yake. Kumwuliza hakumpandikizii wazo.

Afya ya jamii nitaipitia haraka, maana inasomeka vizuri ukiwa kliniki ya watoto asubuhi moja: chanjo ya kifua kikuu (BCG) mililita 0.05 ndani ya ngozi ya mkono wa kushoto kwa mtoto mchanga, surua na rubela miezi 9 na miezi 18, friji ya chanjo kati ya nyuzi 2 na 8. Nenda ukaangalie kipimajoto hicho mwenyewe.

Hatua ya sita: mikono na sindano

Kunawa kwa maji na sabuni ni sekunde 40 hadi 60. Kwa dawa ya spiriti ni 20 hadi 30. Kabla ya kumgusa mgonjwa, kabla ya kazi isiyotaka vijidudu, baada ya kukutana na majimaji ya mwili, baada ya kumgusa, na baada ya kugusa vitu vilivyomzunguka. Hilo la mwisho ndilo husahaulika.

Sindano iliyotumika haifunikwi tena. Inaingia kwenye boksi la usalama, na boksi likifika robo tatu linafungwa. Ukichomwa, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka, usikamue, toa taarifa saa hiyo hiyo. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zianze mapema iwezekanavyo na si zaidi ya saa 72, kisha zimezwe siku 28. Usione aibu. Nimewaona wanafunzi wakificha kidole kwa kumwogopa msimamizi wa wodi.

Hatua ya saba: andika, kabidhi

Andika ulichofanya baada ya kukifanya, kwa saa yake, kwa jina lako. Usijaze chati ya presha ya saa kumi ukiwa bado saa nane. Unapompigia daktari usiku, panga maneno kabla ya kupiga: ni nani na kuna nini sasa hivi, amelazwa kwa sababu gani, umepima nini na unaonaje, unataka daktari afanye nini. "Mama wa kitanda cha nne, masaa mawili tangu ajifungue, presha 80 kwa 50, mapigo 128, damu imefika mililita 700, mji wa mimba umelegea, nimeanza kuusugua na kuweka kanula ya pili, naomba uje sasa." Daktari hatalala tena baada ya hapo.

Wiki ya mwisho

Acha kusoma mambo mapya. Rudia daftari la wagonjwa, na hesabu zako tano za asubuhi. Kaa na mwenzako mmoja, si kumi, mmoja awe mgonjwa na mwingine muuguzi. Hakikisha mapema barua na vitambulisho unavyotakiwa kubeba, na kama unatoka Rongai au Kitengela, fanya safari ya kituo cha mtihani siku moja kabla, saa ile ile, uone msongamano ulivyo.

Ukiupita, subiri jina lako liingie kwenye rejista ya Baraza na leseni yako itoke kabla ya kukubali zamu hata moja, hata ya rafiki anayekuomba umshikie usiku katika kliniki ya mtaani. Kufanya kazi ya uuguzi bila leseni ni kosa chini ya Sheria ya Wauguzi na Wakunga, Sura ya 257. Wakati unasubiri, endelea kujaza lile daftari. Bado lina kurasa.